Mashavu ya Asubuhi

Kijiji Kipya, Embu
3 Aprili 1955

Teresia, mwenye jina langu,

Salamu sikupi. Salamu ni za mtu anayeonekana. Miezi minane hujakanyaga hapa, na hiyo Meru yako haiko ng'ambo ya bahari. Iko ng'ambo ya mto Thuci, mto niliouvuka mimi na mzigo wa mtama mgongoni na mimba tumboni. Baba yako Ndwiga yuko kizuizini, yeye anazuiwa na waya wa miba. Wewe unazuiwa na nini? Hilo gauni lako la uuguzi?

Unajua sikusoma. Anayeniandikia ni Njue mwana wa Rwamba, hom-gadi, askari wa serikali anayelinda lango letu, maana tangu mwalimu achukuliwe hakuna mwingine mwenye kalamu. Anaandika Kiswahili kwa sababu ofisini hawapitishi barua wasiyoweza kuisoma. Basi nao wasome: mjukuu wangu ana moyo wa jiwe. Njue ameguna. Njue, andika na kuguna kwako.

Sasa habari njema, ingawa huistahili. Mume wangu amenenepa. Huyo wa ofisini asishangae: ni Kathuri, mdogo wako. Alipewa jina la marehemu mume wangu kama desturi inavyotaka, basi namwita mume, naye ana miaka sita na tayari ananigombeza uji ukichelewa. Ule upele uliomla miguu tangu walipotusonganisha hapa, mlango kwa mlango na ndoo moja ya maji, ulitumbuka usaha, lakini sasa ni wiki tatu tangu ukauke. Na mashavu yamejaa! Akiamka asubuhi macho hayaonekani kwa unono, kama mtoto wa chifu. Majirani ambao watoto wao unaweza kuwahesabu mbavu wananiuliza namlisha nini. Nawaambia, maharagwe ya msaada na mkono wa Ciakuthii.

Hachezi sana siku hizi. Anakaa tu kama mzee mwenye ng'ombe wengi. Wanono ndivyo walivyo.

Njoo umwone kabla hajaoa.

Mimi Ciakuthii, niliyekuwa na jina hili kabla yako, kabla misheni hawajakubatiza Teresia.
(alama ya kidole)


Hospitali ya Misheni, Meru
12 Aprili 1955

Cucu mpendwa,

Umenigombeza, nimesikia, nitajibu siku nyingine. Leo naomba wewe unijibu bila kunitukana.

Huo unono wa Kathuri, ikifika saa sita mchana bado upo usoni, au umepungua? Mtu hanenepi usiku akakonda mchana, Cucu. Mbonyeze mguu kwa dole gumba, hapo mbele kwenye mfupa, uhesabu mpaka kumi, kisha uondoe kidole. Je, panabaki shimo? Na mkojo wake una rangi gani? Usikisie. Mkojoze kwenye kile kikombe cheupe nilichokuachia, uutazame juani. Anakojoa mara ngapi kwa siku? Analalamika kichwa?

Nijibu upesi. Nitakuja nafasi ikipatikana. Kazi hapa ni nyingi.

Mjukuu wako,
Teresia


Kijiji Kipya, Embu
20 Aprili 1955

Teresia,

Nafasi! Nafasi ni kitu cha kuokota njiani? Nimekutafunia chakula ukiwa huna jino, leo unaniambia nafasi, halafu unaniuliza rangi ya mkojo mbele ya mwanamume mzima anayeandika. Njue amekuwa mwekundu kama udongo wa Embu.

Lakini nimefanya. Kabla ya kukutukana zaidi nimefanya.

Mchana uso hupungua. Sikuwa nimeona, kwa sababu mchana niko kwenye handaki tunalolazimishwa kuzungushia kijiji, nachimba na wenzangu, na nikirudi kumeshaingia giza la jikoni. Nimembonyeza mguu. Kidole kimeacha shimo kama kwenye udongo wa kufinyanga, nikavuta pumzi tano bado shimo liko pale pale linanitazama. Mkojo umetoka kidogo, unafanana na chai ya rangi iliyosahauliwa motoni. Ni mara moja tu kwa siku, wakati mwingine mbili. Kichwa kinamuuma. Alikuwa amenificha, eti mwanamume halii kichwa.

Jirani yangu anasema mtoto karogwa kwa sababu nilijivuna. Uchawi sijui, ila kujivuna nilijivuna. Nilimpitisha katikati ya kijiji, Teresia, asubuhi kweupe, nimemshika mkono ili watu wayaone mashavu yake.

Ni nini hiki? Niambie kwa maneno ya mtu, si ya hospitali.

Ciakuthii


Hospitali ya Misheni, Meru
27 Aprili 1955

Cucu mpendwa,

Nimemsomea Sista barua yako. Hakucheka hata mahali pa kucheka. Kathuri anaumwa figo, na hakuna aliyemroga.

Figo ni zile mbili ambazo babu alikuwa akipewa mbuzi akichinjwa. Kazi yake ni kama ya kichungio cha uji: damu inapita, taka na maji ya ziada yanatoka kuwa mkojo, damu safi inarudi mwilini. Sasa ule upele wa miguuni uliingiwa na uchafu. Mwili ukaupiga vita, vidonda vikapona. Lakini kwa watoto wengine mwili haujui kuacha. Wiki mbili tatu baada ya vidonda kukauka, bado unapigana, na kinachopigwa ni hicho kichungio chake chenyewe. Figo zinavimba na kuwaka ndani. Matundu yanaziba, maji yanabaki mwilini, hayo ndiyo mashavu ya asubuhi. Mahali pengine pamechanika, damu inapita, hiyo ndiyo chai yako ya rangi.

Wengi hupona, Cucu. Lakini anaweza kujaa maji mpaka kifuani, au kichwa kikazidi akashikwa na degedege. Kwa hiyo fanya hivi. Chumvi, acha kabisa, maana chumvi hushika maji mwilini. Maji ya kunywa yawe kikombe kimoja asubuhi na kimoja jioni, hata akilia. Alale, asitembee. Na umlete hapa haraka, achomwe sindano na tumpime mkojo kila siku. Omba pasi ya kusafiri leo hii.

Ningekuja kumchukua mimi. Nitajitahidi.

Teresia


Kijiji Kipya, Embu
9 Mei 1955

Teresia,

Nimechoka. Leo hata kukugombeza ni kazi.

Chumvi niliacha siku ile ile barua iliposomwa. Hata punje. Nilimpa jirani kopo lote ili mkono wangu usisahau. Mume wangu amenikataa kwa ajili hiyo, anasema chakula changu kina ladha ya kuni. Maji nampimia kwa kikombe chako cheupe, naye ananyonya kona ya blanketi ikiwa na umande. Nimemwona. Nimejifanya sikumwona.

Lakini hapungui! Sasa ni miguu pia, na tumbo, na akilala chali anahema kama aliyepanda kilima. Mlisema chumvi, nimeacha chumvi. Sasa mnasema nini?

Pasi niliomba. Njue aliandika, karatasi ikaenda kwa Bwana Ofisa, Bwana Ofisa yuko safarini. Kila asubuhi namuuliza Njue, naye anatazama viatu vyake.

Yale ya figo nimeyafikiria nikichimba. Nimeyaelewa vizuri kuliko ulivyodhani. Adui alikuwa kidonda, kidonda kikaondoka, na askari bado wanavunja nyumba ya mwenyewe. Njue ameacha kuandika, anasema hiyo haitapita ofisini. Nimemwambia nazungumzia figo. Andika figo.

Wewe uko umbali wa siku moja ya kutembea. Nilikuwa nadhani unatuonea haya, kijiji cha waliofungwa, vumbi na upele. Sasa hata hilo sijali. Uone haya, lakini uje.

Ciakuthii


Hospitali ya Misheni, Meru
15 Mei 1955

Cucu,

Niambie kila kitu kinachoingia kwenye chungu cha Kathuri. Si chumvi tu. Kila kitu, tangu unapokiteleka motoni mpaka unapokiipua, hata kile usichokiita kitu.

Na kuhusu kuja. Sikutaka kukwambia hili, kwa sababu barua zako zinaandikwa na kusomwa langoni, lakini mtoto akifa nitakuwa nimemficha nani? Nimeomba pasi mara nne. Kila ombi linapelekwa kwenye lango la kijiji chenu, waseme kama nakubaliwa kuingia. Kila mara linarudi na maneno yale yale: Hapana. Binti wa mfungwa. Sijawahi kuwaonea haya. Kila Jumapili yangu ya mapumziko natembea mpaka Thuci, natazama moshi wa kijiji, narudi.

Teresia


Lango la Kijiji Kipya, Embu
19 Mei 1955

Kwa Teresia binti Ndwiga,

Naandika mimi Njue, na leo cucu yako hajaniambia la kuandika. Barua hii haipiti ofisini, inakuja na mwanamke wa sokoni.

Jana jioni nilimsomea barua yako. Nilipofika mahali pa pasi nilitaka kuruka mistari. Akasema, "Njue, umeanza kusoma kama mtu anayevuka mto kwenye mawe. Soma maji yote." Nikasoma yote.

Ule mkono uliokuwa ukiandika Hapana ni huu. Tuliambiwa atakayeingiza jamaa ya mfungwa atawafuata wafungwa. Nina watoto watatu. Nilikuwa naandika Hapana asubuhi, na alasiri naandika matusi ya cucu kwamba huji, na nilikuwa nakula chakula changu kama kawaida. Hakunitukana. Afadhali angenitukana.

Kisha akasema, "Haya, turudi kwenye chungu." Akahesabu kwa vidole: mahindi, maharagwe, maji, magadi.

Nikamuuliza, magadi ya nini? Akasema, "Ya kulainisha, wewe huna mke? Maharagwe ya msaada ni ya mwaka juzi, na kuni mnaturuhusu saa moja tu kwa siku. Bila magadi ni mawe." Nikamuuliza anatia kiasi gani. Akaonyesha kiganja chake. Zamani alikuwa akitia ncha ya kidole, lakini kuni zilivyopungua ndivyo magadi yalivyoongezeka. Anasema kwa mwanamke yeyote wa huku magadi si chumvi. Chumvi ni ya ulimi, magadi ni ya moto. Mimi sijui mambo ya hospitali, ila nilifanya kazi kwa mfugaji, na ng'ombe wake walilamba magadi pale pale walipolamba chumvi. Nikamwambia hivyo.

Akakaa chini. Akasema, "Basi nimemlisha mwenyewe, kwa mkono huu." Chungu hakukimwaga, kwa sababu njaa ipo. Alikipeleka kwa jirani, akarudi mikono mitupu.

Leo alfajiri tulipofungulia wanawake wa kuni nilikuwa langoni. Alipita na Kathuri mgongoni, amemfunika gunia la kubebea kuni. Mtoto alikohoa. Mimi nilikuwa nawahesabu wanawake. Walikuwa kumi na tisa. Nimeandika kumi na wanane.

Kama wamefika, usinijibu. Nitajua.

Njue wa Rwamba


Hospitali ya Misheni, Meru
5 Juni 1955

Cucu mpendwa,

Naambiwa uko kwenye kambi ya kazi karibu na daraja, mwezi mzima, kwa kosa la kutembea bila pasi. Mwinjilisti Kiogora, anayewaombea hapo, ameahidi kukusomea. Mwambie aketi, barua ni ndefu.

Ulifika saa tisa alasiri, miguu yako imepasuka, ukamlaza kitandani, ukamwambia, "Mume wangu, hawa watu wenye kofia nyeupe wasikutishe, ukiona mbaya, ng'ata." Ukanishika kidevu. Ukanywa maji. Nikageuka kuchukua kipima joto, nikarudi, ukawa umeondoka. Ulimwambia mlinzi kwamba usipochimba kesho watachimba zamu yako wenzako. Miezi tisa nakusubiri, Cucu, nikakuona kwa muda wa kikombe kimoja cha maji.

Sasa sikia. Siku tatu za kwanza zilikuwa mbaya. Siku ya pili alishikwa na degedege, nikamshika ulimi usiumie, Sista akanigombeza kwamba hivyo sivyo tulivyofundishwa, alazwe ubavu. Nilikuwa nimesahau yote niliyosoma. Siku ya nne mkojo ulifunguka. Tunaupima kwenye chupa zilizopangwa dirishani, kila asubuhi moja. Zinaanza na chai yako ya rangi, zinakuja polepole, na ya leo ni kama maji ya majani makavu. Yeye mwenyewe huwaonyesha wagonjwa wengine kama mtu anayeonyesha ng'ombe. Maji yametoka mwilini, amebaki mifupa na maswali. Anauliza cucu ameolewa na nani huko.

Kuhusu mkono wako. Nilimuuliza daktari wazi. Magadi hayakuleta ugonjwa. Ulioleta ni upele, na upele uliletwa na kusongamana na ndoo moja ya maji. Magadi yalishika maji mwilini kama chumvi, kwa hiyo yaliuongezea uzito. Hilo ni kweli na sitakuficha. Lakini mimi nilikwambia chumvi, nikajiona nimemaliza, na nimekulia kwenye chungu hicho hicho. Nilijua magadi yamo. Nilisahau jinsi tunavyopika. Kwa hiyo ukijilaumu, unigawie.

Chimba polepole.

Teresia


Kijiji Kipya, Embu
24 Julai 1955

Teresia, mwenye jina langu,

Leo nakupa salamu, moja.

Bado anaandika Njue. Askari waliokuwa wakihesabu kuni walihesabu na wanawake waliotoka, wakapata kumi na tisa, wakaona hesabu yake haisimami. Lango amenyang'anywa, na kofia, siku hizi anachimba handaki kando yangu, na anachimba vibaya, anatupa udongo miguuni pa watu. Aliniuliza kama nimemsamehe. Nilimwambia nimechoka sana, kusamehe kunataka nguvu, kwa sasa ateke maji. Anateka. Ndoo mbili kila siku za kumwogeshea mume wangu, na sabuni, upele usirudi. Njue anasema mkono unamuuma. Andika hivyo, na uongeze kwamba hakuna aliyekuuliza.

Chungu changu kimebadilika. Maharagwe naloweka tangu jana yake, nikiyapika yanachukua kuni za jirani wawili na zangu, tunapika pamoja chungu kimoja kikubwa. Magadi hakuna. Mbele ya magadi nimekuwa kama mlevi aliyeokoka, hata nikiyaona dukani nageuza uso. Mkojo natazama kila siku juani. Ni mzuri. Watu wa kijiji wananicheka, bibi wa kikombe. Wawili waliocheka wamenijia kwa siri na vikombe vya watoto wao, na mmoja nimemwambia akimbie kwenu.

Sasa nakuja kwako, ulidhani umepona. Daktari wenu aliandika, Bwana Ofisa akatia muhuri, ukapata pasi ya siku mbili kila mwezi ya kumwangalia mgonjwa. Siku mbili! Ukaja naye na lori la misheni saa sita mchana. Ukamwona mkavu, mwembamba, anakimbia. Ukafurahi, ukala viazi viwili, saa tisa ukaondoka na lori lile lile, eti kazi.

Asubuhi yake alipoamka nilimpeleka mlangoni kwenye mwanga. Jicho la kushoto lilikuwa zito kidogo. Labda alililalia. Labda alikuwa amelia, maana uliondoka, ingawa mwanamume halii. Nilimbonyeza mguu, shimo halikukaa. Kufikia saa nne jicho lilikuwa sawa. Tangu siku hiyo mpaka leo limekuwa sawa. Lakini mimi sijiamini, Teresia. Mimi ndiye niliyeyaona mashavu yale nikayaita unono, nikayatembeza kijijini. Jicho langu linapenda sana, linaona linachotaka. Anahitaji kutazamwa na jicho lililosoma, na atazamwe asubuhi, kwa sababu ugonjwa huu mchana hujificha. Wewe ndiye uliyenifundisha.

Kwa hiyo ukija tarehe kumi na nne mwezi ujao, usije kama mgeni wa saa sita. Njoo jana yake, uvue hivyo viatu, ulale hapa katikati yetu kwenye ngozi yangu ya kulalia, na usimwoshe uso mume wangu kabla hujamtazama.

Ciakuthii
(alama ya kidole, na nyingine ndogo kando yake, ya Kathuri, ameng'ang'ania)